Kwa nini wakubwa hukubali kuhutubia waandishi wa habari mezani, wakati wa chakula cha mchana?

#1 Kalamu ya Mkoani
Wanajukwaa, salamu. Kuna jambo linanisumbua kwa wiki ya tatu sasa, nami nimeona nililete hapa kwa kuwa najua humu wamo waandishi wa zamani na wa sasa. Kiongozi mkubwa anaweza kuwaita waandishi ofisini kwake saa yoyote, akawasomea taarifa, akainuka na kwenda zake bila kuulizwa neno. Hata hivyo, viongozi hao hao hukubali mwaliko wa klabu ya waandishi, wakaenda wao wenyewe ukumbini, wakala, wakahutubia, kisha wakaketi kuulizwa maswali. Klabu ya Taifa ya Waandishi wa Habari ya Washington, iliyoanzishwa mwaka 1908, imejijengea jina kwa meza hiyo, na Tokyo, Hong Kong na Canberra, mji mkuu wa Australia, wana utaratibu unaofanana nao. Je, kiongozi anafuata nini pale? Na mwandishi aliyekwisha kula naye meza moja, anabaki na ujasiri wa kumuuliza? Mimi naamini chakula kile ni mtego, na anayenaswa ni mwandishi.

#2 Mitambo ya Usiku
Ndugu Kalamu, dai lako ni zito, lakini kuna ushahidi mmoja mkubwa unaolikataa. Tarehe 22 Oktoba 1974 Waziri Mkuu wa Japani, Tanaka Kakuei, alikuwa mgeni wa chakula cha mchana katika Klabu ya Waandishi wa Kigeni ya Tokyo. Siku chache kabla ya hapo jarida la Bungei Shunju lilikuwa limechapisha uchunguzi mrefu wa mwandishi Tachibana Takashi kuhusu namna Tanaka alivyojipatia fedha na ardhi, na magazeti makubwa ya nchi hiyo yalinyamaza kana kwamba jarida lenyewe halikutoka. Waandishi wa kigeni walimkaribisha, wakamsikiliza, halafu wakamuuliza juu ya jambo hilo hilo, huyu akimaliza anashika yule, mpaka akaondoka amekasirika. Magazeti yaliyokuwa yamenyamaza yakaandika, kwa sababu sasa habari haikuwa tena tuhuma za jarida, ilikuwa ni maswali aliyoulizwa Waziri Mkuu mbele ya watu. Wiki ile ile akajiuzulu. Meza unayoiita mtego wa waandishi ndiyo iliyomwangusha yeye.

#3 Bint Mzizima
Mzee Mitambo, shikamoo. Mfano wako ni mzuri, lakini nadhani unathibitisha dai la Kalamu badala ya kulivunja. Waliouliza walikuwa wageni katika nchi ile. Hawakuwa na undugu na Tanaka, hawakumtegemea kwa habari ya kesho, wala watoto wao hawakusoma na watoto wake. Waandishi wa Kijapani, ambao hukaa katika klabu zao ndani ya kila wizara na kuonana na wakubwa kila siku, ndio walionyamaza.

Tena hatujalitazama jambo lenyewe kwa desturi zetu. Mkutano wa waandishi ukifanyika ofisini kwa waziri, mwenyeji ni waziri na mwandishi ni mgeni. Ukifanyika kwenye meza ya klabu, mambo yanageuka: mwandishi ndiye mwenyeji. Kwetu mwenyeji ndiye mwenye mzigo wa adabu. Huwezi kumwita mtu kwako, ukamnawisha mikono, ukampakulia, kisha ukamwaibisha mbele ya wenzake. Kwa hiyo kinachoufunga ulimi wa mwandishi si wali wala kuku, ni ule wenyeji wenyewe, na wakubwa wanalijua hilo. Ndiyo maana huja.

#4 Jirani wa Maryland
Naomba niseme nilichokiona kwa macho, kwa sababu naona wengi tunazungumza juu ya ukumbi ambao hatujauingia. Naishi karibu na Washington, na mara mbili nimealikwa na rafiki yangu ambaye ni mwanachama wa klabu ile. Ukumbi uko ghorofa ya 13 ya Jengo la Taifa la Waandishi wa Habari, katika Mtaa wa 14, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka Ikulu ya Marekani. Mbele kuna meza kuu ndefu, na katikati yake jukwaa la kuzungumzia; sisi wengine tuliketi kwenye meza za duara. Watu hula kwanza. Sahani zinapoondolewa na kahawa kumiminwa, mwenyekiti husimama, na miongoni mwa maneno yake ya mwanzo huwaambia wanaofuatilia redioni na kwenye televisheni kwamba wakisikia makofi wakumbuke kuwa ukumbini wamo pia watu wasio waandishi, hivyo makofi hayo si lazima yawe dalili ya waandishi kuegemea upande wa mgeni. Nilipoyasikia maneno hayo mara ya kwanza niliguswa, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kushuhudia nyumbani mikutano ambayo waandishi wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kupiga makofi.

Sasa sikilizeni lililo muhimu. Maswali hayaulizwi kwa mdomo. Yanaandikwa kwenye kadi ndogo, kadi zinapelekwa mbele, na mwenyekiti ndiye anayechagua na kusoma. Kabla ya swali la mwisho mwenyekiti hutangaza wageni wa wiki zijazo, kisha humkabidhi mgeni kikombe chenye nembo ya klabu, halafu ndipo linapoulizwa swali la mwisho, ambalo kwa kawaida huwa jepesi la kuchekesha. Zawadi ni kikombe hicho. Siku ya pili niliyokwenda, mgeni alijibu swali la mwisho akiwa bado amekishika kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto.

Hivyo kwa swali la Kalamu, jibu langu ni kwamba mgeni anafuata utaratibu anaoujua mwanzo hadi mwisho. Hakuna atakayeinuka nyuma ya ukumbi na kumpigia kelele.

#5 Wino wa Kijani
Jirani ametaja kadi na mimi nimeshindwa kunyamaza, maana jambo hili nimelibeba moyoni miaka kumi na minne.

Nilikuwa mwandishi chipukizi. Klabu moja ya waandishi, sitaitaja, iliandaa chakula cha mchana katika hoteli moja ya pwani, na mgeni rasmi alikuwa mkubwa wa shirika moja la umma, nalo sitalitaja. Tuligawiwa vipande vya karatasi vya kuandikia maswali. Mimi niliandika swali moja tu: kwa nini wastaafu wa shirika hilo, akiwemo baba mzazi wa jirani yangu, walikuwa hawajalipwa mafao yao kwa mwaka wa tatu. Nililiandika kwa herufi kubwa ili msomaji asije akakosea. Mhudumu akapita na sinia, akakusanya. Yakasomwa maswali manne, yote yakiuliza habari za mipango ya baadaye, na kwa kila moja mgeni alishukuru kwa swali zuri.

Nilipokuwa natoka nilipita karibu na meza iliyowekwa vyombo vilivyotumika, na pale chini ya vitambaa vya kufutia mikono nikaiona karatasi yangu. Nilikuwa nimetumia wino wa kijani kwa sababu kalamu nyeusi iliniishia asubuhi, hivyo nisingeweza kuichanganya na ya mtu mwingine. Ilikuwa imekunjwa mara mbili kwa uangalifu, na pembeni ina doa la mchuzi wa samaki. Aliyeikunja hakuwa na haraka. Niliichukua, ninayo hadi leo. Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hamjajadili kama chakula ni mtego, ulizeni kwanza kadi ziko mikononi mwa nani.

#6 Sinia ya Shaba
Pole sana Wino. Inawezekana kabisa sinia ile niliibeba mimi au mwenzangu wa kazi, kwa sababu nimehudumu katika hoteli za pwani kwa zaidi ya miaka ishirini kabla sijastaafu, na shughuli za namna hiyo nimezihudumia nyingi.

Nieleze tu jinsi mambo yalivyokwenda katika baadhi ya hizo. Sisi tulielekezwa kupeleka karatasi kwa kijana mmoja aliyesimama karibu na pazia, si kwa mwenyekiti. Kijana huyo hakuwa wa klabu, alikuwa amekuja na mgeni. Alizisoma zote, nyingine akampa mwenyekiti, nyingine akaziweka mahali popote palipokuwa karibu naye. Sisi hatukuwa na la kusema.

Na jambo jingine ambalo mtu aliyeketi hawezi kuliona: mgeni rasmi hali. Atachota wali, atausogeza upande huu na upande ule, atakunywa maji, atainamia kuzungumza na jirani yake. Nimeondoa sahani za wageni wakubwa zikiwa zimejaa kama nilivyozileta. Mtu ambaye hakula anajua kwamba anakwenda kuulizwa. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema wakubwa huja kustarehe. Wengi walikuwa na hofu, na hofu hiyo niliiona kwenye sahani.

#7 Mwaka wa Pili
Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari na uzi huu unanifundisha kuliko muhula mzima. Nataka kuongeza upande wa usawa. Nimesoma kwamba klabu ya Washington ilianza kuwapokea wanawake katikati ya miaka ya 1950, kwa hiyo angalau meza ile ilikuwa wazi kwa wote mapema kuliko taasisi nyingi za wakati huo.

#8 Mhariri Msomaji
Mwanangu Mwaka wa Pili, hapo umechanganya mambo mawili, nami nakuomba uyatenganishe kwa sababu tofauti yake ndiyo kiini cha uzi huu.

Katikati ya miaka ya 1950 wanawake hawakupokewa kuwa wanachama. Waliruhusiwa kupanda kwenye roshani ya ukumbi ili kusikiliza hotuba. Walisimama au kubanana juu kule kando ya kamera na taa za joto, huku wakiwatazama wanaume chini wakila na kuuliza. Hawakupewa chakula na hawakuruhusiwa kuuliza swali. Fikiria mwandishi wa gazeti kubwa, amepangiwa na mhariri wake kuandika hotuba ya kiongozi wa nchi, naye yuko juu na njaa yake na daftari lake, na swali lake linafia mdomoni. Wanachama walipiga kura ya kuwapokea wanawake Januari 1971, kura 227 dhidi ya 56. Kuna mambo mawili yaliyotokea kabla ya hapo ambayo nisingependa yasahaulike. Nikita Khrushchev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, alipohutubia klabu hiyo Septemba 1959, baadhi ya waandishi wanawake waliruhusiwa kuketi chini ukumbini, kisha baada ya siku hiyo wakarudishwa roshani. Na Agosti 1963, siku mbili kabla ya maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za watu weusi, A. Philip Randolph, aliyekuwa kiongozi wa maandamano hayo, alikubali kuhutubia hapo hapo. Mwanasheria Pauli Murray alimwandikia kumlaumu vikali kwamba mtu anayepigania haki za kiraia anawezaje kuzungumza mbele ya ukumbi unaowaweka wanawake roshani.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nami nilianza kazi katika chumba cha habari ambacho mwanamke alipangiwa habari za mapishi na harusi. Mjadala wa nani ana ujasiri wa kuuliza haujakamilika bila kuuliza kwanza ni nani aliyepewa kiti.

#9 Mwaka wa Pili
Nimepokea, Mama. Nimesahihisha kwenye daftari langu. Ahsante.

#10 Kamusi ya Tarehe
Na mimi nisahihishe moja. Mzee Mitambo katika #2 amesema Tanaka alijiuzulu wiki ile ile. Sivyo. Chakula kilikuwa tarehe 22 Oktoba, naye alitangaza nia ya kujiuzulu tarehe 26 Novemba 1974, zaidi ya mwezi mmoja baadaye, baada ya Rais Ford wa Marekani kumaliza ziara yake Japani. Katika mwezi huo mengi yalitokea: wapinzani wake ndani ya chama chake walimgeuka, na bei za vitu zilikuwa zimepanda tangu mwaka uliotangulia kiasi cha kuwachosha wananchi. Tukisema meza ndiyo iliyomwangusha, tunaipa meza sifa ambayo sehemu yake ni ya mahasimu wake na sehemu nyingine ni ya Tachibana, aliyefanya kazi ngumu ya kufukua nyaraka.

#11 Mitambo ya Usiku
Nakubali tarehe, ndugu Kamusi, kumbukumbu yangu ilikimbia mbele ya ukweli. Sikubali hitimisho. Kazi ya Tachibana ilikuwepo tayari mikononi mwa wasomaji, na bado ilizungukwa na ukimya. Kilichouvunja ukimya ni mtu kusimama na kuuliza. Bila swali, nyaraka hubaki kwenye karatasi.

Na Jirani wa Maryland usiseme kwamba kadi zinamlinda mgeni daima. Huyo huyo Khrushchev aliyetajwa na Mama Mhariri aliulizwa pale klabuni juu ya maneno yake ya miaka mitatu kabla, kwamba wao Wasovieti watazizika nchi za Magharibi. Swali lilisomwa na mwenyekiti kwa utaratibu wenu huo huo. Akalazimika kujieleza mbele ya dunia kwamba hakukusudia kumzika mtu kihalisi, na kwamba maisha yake yasingetosha kumzika kila mmoja wao.

#12 Kisauni Kwetu
Naona ndugu zangu wa Bara mmepanda juu sana kwenye siasa za dunia. Ruhusuni mtu wa Mombasa ashushe mazungumzo mpaka kwenye hesabu. Klabu ni chama, na chama kina kodi ya ukumbi, umeme, na mshahara wa karani. Ada za wanachama hazitoshi, na kila aliyewahi kuwa mweka hazina analijua hilo. Mgeni mkubwa akija, watu hununua viti: mabalozi, wenye makampuni, mawakili, na kila mmoja anataka kuonekana karibu na meza kuu. Chakula kinakusanya fedha ambazo mkutano mkavu hauwezi kukusanya. Kwa maoni yangu asili ya chakula ni hiyo, na haya mengine ya adabu na mitego yalikuja baadaye. Ubaya wake ni kwamba mnunuzi wa viti kumi akiwa ndugu wa mgeni, kamati itaogopa kuchagua kadi kali kwa sababu ya viti vya mwezi ujao.

#13 Habari za Saa Mbili
Kaka Kisauni, hesabu zako hazielezi kwa nini ni mchana na si usiku, wakati chakula cha jioni huuzwa ghali zaidi. Nimefanya kazi redioni, nami nawaambia jibu ni saa. Mgeni akianza kuzungumza saa saba mchana na kumaliza saa nane, redio inalitoa neno lake jioni ile ile, televisheni ina muda wa kuhariri picha kwa taarifa ya usiku, na gazeti lina saa za kutosha kabla ya kwenda mitamboni. Kule Canberra hotuba za klabu yao hurushwa moja kwa moja na televisheni ya taifa mchana, kwa kawaida Jumatano, na waziri anayesimamia fedha huenda hapo karibu kila mwaka mara baada ya kusoma bajeti. Na wale hawatumii kadi. Mwandishi husimama na kipaza sauti, akataja jina lake na chombo chake, akauliza kwa sauti yake, na nchi nzima inamwona aliyeuliza laini na aliyeuliza kwa uzito. Bint Mzizima, hao ni raia wanaowauliza viongozi wa nchi yao wenyewe, na wenyeji ni wao.

#14 Bint Mzizima
Nimekusikia, na mfano wa Canberra umenitikisa kidogo. Lakini kutofautiana kwa desturi bado kupo. Mtu akitazamwa na nchi nzima huogopa zaidi kuonekana mwoga kuliko kuonekana hana adabu. Zima kamera uone.

#15 Ngosha wa Ziwani
Dada Mzizima, umesema kwetu mwenyeji hamwaibishi mgeni, na ni kweli, lakini umeacha nusu ya desturi. Kwetu mgeni akifika hatumuulizi shida yake mlangoni. Tunampa maji, tunampa chakula, na akishashiba ndipo mzee wa nyumba anasogeza kigoda na kusema: haya, tupe habari za utokako. Na hapo mgeni anatakiwa aseme kweli. Kumuuliza mgeni baada ya kula si utovu wa adabu, ndiyo adabu yenyewe. Anayekula na kuondoka bila kueleza kilichomleta ndiye tunayemtilia shaka.

Ninalolilaumu katika mikutano yetu ni bahasha inayokuja baada ya chakula. Inaitwa nauli, inaitwa posho, lakini aliyeipokea anajua imetoka mfukoni mwa nani. Chakula nilicholipa mimi mwenyewe kwa ada yangu ya klabu hakinifungi. Kinachonifunga ni alichokilipa mgeni.

Na tusizungumze juu ya klabu kana kwamba ni mahali pa kula tu. Daudi Mwangosi, aliyeuawa kijijini Nyololo tarehe 2 Septemba 2012 akiwa kazini, alikuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi ya mkoa wa Iringa. Klabu zetu za mikoani zimebeba jeneza. Zinastahili meza ambayo swali halikunjwi mara mbili.

#16 Mzigo wa Guangzhou
Nafanya biashara kusini mwa China na mara nyingi hupitia Hong Kong, kwa hiyo nilifuatilia kwa karibu kisa cha huko, ambacho kinajibu sehemu ya swali la #1 kwa upande ambao haujaguswa. Mwezi Agosti 2018 Klabu ya Waandishi wa Kigeni ya Hong Kong ilimwalika kuzungumza wakati wa chakula cha mchana kijana aitwaye Andy Chan, kiongozi wa chama kidogo kilichotaka Hong Kong ijitenge. Serikali ya China iliitaka klabu ifute mwaliko. Klabu ikakataa, ikisema kazi yake ni kusikiliza pande zote, na tarehe 14 Agosti chakula kikafanyika. Aliyesimamia mazungumzo, Victor Mallet, mwandishi wa gazeti la Financial Times na makamu wa kwanza wa mwenyekiti wa klabu, alinyimwa kuongezewa kibali cha kufanya kazi miezi miwili baadaye. Kumbukeni pia kwamba jengo la klabu hiyo ni mali ya serikali ya Hong Kong, na klabu ni mpangaji tu.

Hapa mgeni hakuwa mkubwa, alikuwa mtu mdogo asiye na ofisi. Meza ndiyo iliyompa ukubwa. Nadhani wakubwa huja kwenye meza hizo kwa sababu wanajua ikibaki tupu atakaribishwa mwingine.

#17 Kamusi ya Tarehe
Hoja ya Mzigo ni mpya na nzito, nami naiongezea mfano. Martin Luther King alihutubia chakula cha mchana cha klabu ya Washington tarehe 19 Julai 1962, Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo, na klabu ilikuwa imempokea mwanachama mweusi wa kwanza, Louis Lautier, mwaka 1955 tu, tena baada ya kura iliyogawanya wanachama. Kiti kile kilikuwa na maana hata kabla ya mgeni kufungua kinywa.

Ila kuna hatari yake pia. Dean Acheson, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alitumia jukwaa la klabu hiyo hiyo Januari 1950 kueleza mstari wa ulinzi wa nchi yake barani Asia, na Korea haikuwa ndani ya mstari huo. Mwezi Juni vita vikaanza. Wapo wanaosema hotuba ile ilialika vita, na wapo wanaosema upande wa kaskazini ulikuwa na sababu zake nyingine. Mimi nasema tu kwamba maneno yanayosemwa pale husafiri mbali.

#18 Sinia ya Shaba
Ndugu Ngosha, nimeipenda habari ya kigoda. Lakini nikuulize kwa heshima: mzee wa nyumba akimuuliza mgeni habari, hamuulizi kwa karatasi inayopita kwanza kwa mpwa wa mgeni, au siyo?

#19 Ngosha wa Ziwani
Hapo umenibana, mzee wangu. Nakubali.

#20 Kalamu ya Mkoani
Nawashukuru wote. Sasa niwaambie kwa nini niliuliza. Klabu yetu ya mkoani imemwalika kiongozi mmoja mkubwa kwa chakula cha mchana mwezi ujao, ndiyo mara yetu ya kwanza, na kamati yenye watu saba imegawanyika. Watatu wanataka karatasi, watatu wanataka kipaza sauti, na mimi ni wa saba. Nilikuja hapa nikiwa naelekea kusema tuachane na chakula kabisa.

Nimebadilika katika mambo mawili. Nimeshawishika kwamba chakula kikilipwa na sisi wenyewe si mtego, na jana tumekubaliana kila mwanachama atachangia sahani yake na hakutakuwa na bahasha ya aina yoyote. Pili, habari ya roshani imetufanya tuipitie upya orodha ya viti, na tumekuta meza tatu za mbele zote zimeandikwa majina ya wanaume. Tumeianza upya.

Karatasi au kipaza sauti, bado hatujaamua. Wenzangu wa karatasi wana hoja moja ambayo siwezi kuidharau: wanasema mwandishi wa mkoani anayeuliza kwa sauti yake atajulikana kwa jina na kwa sura, na kesho yake atarudi peke yake mjini kwetu, ambako kila mtu anamjua kila mtu, wakati karatasi haina sura. Canberra ni mbali na kwetu.

#21 Mhariri Msomaji
Hoja hiyo ni ya kweli, na anayeibeza hajawahi kurudi nyumbani kwa miguu usiku baada ya kuandika habari isiyopendwa. Pendekezo langu: karatasi zikusanywe na mwanachama mnayemwamini, zisipite kwa msaidizi wa mgeni hata kwa dakika moja, na zisomwe zote kwa sauti mpaka muda uishe, bila kuchaguliwa, kwa mpangilio wa zilivyotoka kwenye chombo. Mwenye kutaka kusimama na kipaza sauti naye aruhusiwe.

#22 Wino wa Kijani
Chombo kiwe cha kioo, kiwekwe juu ya meza kuu mbele ya mgeni.

#23 Kalamu ya Mkoani
Nimerudi kutoka kikaoni, na nimewasomea wenzangu mapendekezo ya #21 na #22. Chombo cha kioo kimepita kwa kura tano dhidi ya mbili, na mwanachama mmoja amejitolea kuleta bakuli la mama yake. Lakini tukiwa bado tumeketi imeletwa barua ya ofisi ya mgeni. Inasema amekubali mwaliko kwa furaha, na inaomba ipelekewe maswali yote kwa maandishi siku saba kabla ya shughuli. Wanataka jibu letu kabla ya Ijumaa.

#24 Sinia ya Shaba
Yule kijana wa pazia safari hii ametangulia kufika.

#25 Mitambo ya Usiku
Ndugu Kalamu, jibuni leo, msingoje Ijumaa. Waandikieni kwamba mnachoweza kuwapelekea kabla ya siku hiyo ni orodha ya vyakula.